Mikono ya Nyumba ya Chini

Skyamdo, Zanskar
9 Oktoba 1994

Mwanangu Stobdan,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na vumbi la Leh halijakuingia kifuani. Sisi huku tunashukuru. Shayiri tumeshavuna na kupura. Imepungua kidogo, kwa kuwa maji ya mfereji wa juu yalichelewa, lakini majira ya baridi tutayavuka. Yule ng'ombe mweusi uliyekuwa ukimkimbia utotoni amebomoa ukuta wa zizi kwa mara nyingine, na mimi nimeuziba kwa mikono hii ya chaki, kwa hiyo usitarajie utadumu. Mama yako mkubwa Yangdol anakusalimu sana. Ana kikohozi kidogo, cha vumbi la kupura.

Dereva anayechukua barua hii anaondoka kesho, kwa hiyo niingie kwenye neno lenyewe.

Jumatatu iliyopita Angchuk alipanda juu ya dari letu, pale penye kijinara cha mungu wa nyumba zetu. Hakubisha hodi. Nilipomfikia alikuwa ameshachomoa mshale wake na fungu lake la matawi ya mreteni, anavifunga kwenye kitambaa.

Nikamuuliza, "Unafanya nini, bwana Angchuk?"

"Nahama."

"Unahama kwenda wapi? Nyumba yako ile pale, moshi unatoka."

"Mimi sihami. Mungu wangu ndiye anayehama." Akakaza fundo kwa meno. "Mwalimu, umewafundisha kusoma watoto wa kijiji kizima. Huyu wa kwenu ulimfundisha asimame na nani?"

Akashuka ngazi, na alipofika chini akainua uso akasema kwa sauti ya kusikika hadi kisimani, "Kuanzia leo tusizikane!"

Najua unaijua mila hii, lakini mwalimu hata akistaafu hawezi kupita mbele ya jambo bila kulieleza. Mtu anapofariki kwetu, watu wa damu yake hawamgusi. Mke hamgusi mume, mume hamgusi mke, mtoto hamgusi mzazi. Wanaomwosha, wanaomfunga kamba akiwa ameketi, wanaombeba na kumtia katika tanuri la kuchomea maiti ni watu wa nyumba zinazoabudu mungu mmoja nao. Majirani wengine wataleta kuni na siagi, watalia uani, lakini kizingiti cha chumba kile hawakivuki. Sisi tulikuwa nyumba nne. Wale wa nne walihamia Manali na wakajiunga na wengine huko. Zikabaki nyumba yangu ya juu, nyumba ya chini ya marehemu baba yako, ambayo inahesabika peke yake na sasa ni wewe tu, na nyumba ya Angchuk.

Mwezi wa saba Angchuk alimpoteza baba yake, mzee Paldan. Nawe ulikuwapo kijijini na wageni wako wa utalii. Mikono ya nyumba ya chini ilitakiwa kwenye kamba. Ulisimama juu ya ukuta wa shamba, na miwani ya jua, ukiwaelekeza wageni kwa kidole huku kamera zikilia. Mimi niliona, nikiwa nimeshika upande mmoja. Angchuk aliona, akiwa amembeba baba yake nusu kwa sababu mtu wa kushika upande wa pili alikuwa ukutani. Ndiyo, alimgusa baba yake mwenyewe. Hilo ndilo linalomla.

Njoo kabla barabara ya mlimani haijafungwa. Njoo peke yako, usilete mgeni hata mmoja. Chukua kitambaa cheupe cha kuomba radhi na mtungi wa pombe ya shayiri, nenda ukae mlangoni kwa Angchuk mpaka akwambie inuka.

Usiniulize haraka ni ya nini.

Baba yako mkubwa,
Motup


Leh
27 Oktoba 1994

Baba mkubwa, shikamoo.

Nimeipokea barua yako, nikaisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama wima kama darasani. Mimi ni mzima. Leh imeshapoa, mabomba yameanza kuganda, na mwenye nyumba wangu ameanza kuhesabu kuni kana kwamba amezizaa yeye. Mpe mama mkubwa salamu. Kikohozi chake nadhani kimeshapona. Mwambie anywe maji ya moto na asiipepete shayiri yeye, wapo wasichana wa kijiji.

Kuhusu kuja: barabara ilifungwa tarehe ishirini kwa theluji. Barua hii naituma kwa wafanyabiashara wanaojaribu kupita na farasi. Wakishindwa, itakaa mpaka mto ugande watu waweze kupita juu yake, na wewe utaisoma ukiwa umeshanikasirikia miezi miwili.

Kuhusu bwana Angchuk: pole yake naisikia. Lakini, Baba mkubwa, mimi sikuvunja kitu. Nilimwuliza mkwe wake kama wageni wanaweza kutazama kwa mbali, akaitikia kwa kichwa. Tulikaa mbali. Hakuna aliyecheka. Mmoja alilia. Na kampuni imenipa sharti kwamba wageni wasiachwe bila kiongozi hata kwa saa moja, sasa ningewaacha na nani, na punda? Watu hawa wanavuka dunia kuja kuona mahali ambapo mila zimehifadhiwa kama siagi ndani ya ngozi. Tukiwafungia mlango watakwenda bonde jingine, na vijana wote wa Skyamdo watakwenda kuvunja mawe barabarani. Hili nalo lielezwe.

Sasa habari njema. Mwezi wa pili naleta wageni sita kupitia mto wa barafu. Hawajawahi kupelekwa wageni Skyamdo wakati wa baridi! Nimewaahidi watalala nyumba ya juu, jikoni, kando ya jiko la samadi, wale uji wa shayiri na wanywe chai yetu ya siagi. Nakuomba umwambie mama mkubwa avae taji lake la feruzi siku ya kuwapokea. Nimewaonyesha picha yake, wanamsubiri yeye kuliko mlima.

Kitambaa cheupe nitakuja nacho wakati huohuo, nimalize na hilo la Angchuk.

Mwanao,
Stobdan


Skyamdo
20 Desemba 1994

Mwanangu Stobdan,

Wafanyabiashara wako walifika, wawili wakiwa na vidole vyeusi vya baridi, na barua yako wakaitoa ndani ya buti. Tunaendelea. Mwaka mpya wa kwetu, unaotangulia ule wa kalenda, tumeupokea kimya. Tuliwasha taa za siagi, nikachonga mbuzi wa unga kama kawaida, akatoka kama mbwa. Mama yako mkubwa alicheka mpaka kikohozi kikamshika, ndipo tukaacha kucheka. Siku hizi hatoki kwenye jiko. Ni baridi.

Naandika nikijua karatasi hii itakaa hapa mpaka mto ugande vizuri. Kwa hiyo nina nafasi ya kueleza, na wewe huna pa kukimbilia.

Unasema mlikaa mbali. Kosa lako ndilo hilo. Mgeni akikaa mbali ameonyesha adabu. Wewe ukikaa mbali umemwacha mtu. Wageni wako siwachukii. Yule mama mwenye nywele nyeupe aliyevua kofia nilimpenda. Lakini unasema mila zimehifadhiwa kama siagi, nami nikakumbuka kwamba siagi haijihifadhi. Kuna mtu anayeikanda, anayeishona ndani ya ngozi, anayeigeuza. Akiacha, inaoza ikiwa ndani, na kwa nje ngozi inaonekana vilevile. Unaweza kuwaonyesha wageni ngozi hiyo miaka kumi.

Na unasema "nimalize na hilo la Angchuk." Basi nikueleze jambo ambalo hujaelezwa. Baba yako alipofariki ulikuwa shule ya bweni, una miaka kumi na sita. Unajua alichomwa. Hujui ni nani aliyembeba. Siku ile njia ilikuwa barafu tupu, kiti cha maiti hakingepita kwenye kona ya mfereji. Mzee Paldan alijifunga ndugu yangu mgongoni kwa kamba, naye akiwa na zaidi ya miaka sitini, akatembea hivyo mpaka kwenye tanuri, Angchuk akimshika kiuno kwa nyuma asiteleze. Huyo ndiye mzee uliyemtazama kutoka ukutani.

8 Januari

Mto umeganda. Wapo watu wanaoondoka asubuhi. Naongeza haya haraka.

Yangdol amenikataza kukuandikia hili, na mimi miezi yote hii nimemtii. Si kikohozi cha vumbi. Tabibu wa kijiji amemshika mkono kumpima mapigo mara tatu, na mara ya tatu hakutoa dawa, alikunywa chai akaondoka. Hawezi kulala amejinyoosha, analala ameketi. Jana aliniuliza, "Nani atanifunga?" Kwa utulivu kabisa, kana kwamba anauliza nani atamfunga ng'ombe. Nikasema Stobdan yuko njiani. Akasema, "Na wageni?"

Mimi mikono yangu hairuhusiwi. Angchuk hapiti mlangoni kwetu, tukikutana mferejini anatazama barafu. Imebaki mikono ya nyumba ya chini.

Motup


Leh
22 Januari 1995

Baba mkubwa, shikamoo.

Salamu nyingi kwa mama mkubwa. Leo sina habari za Leh.

Oktoba uliandika "kikohozi kidogo." Desemba ukaandika "ni baridi." Ukaeleza siagi, ukaeleza ngozi, ukaeleza ng'ombe na mbuzi wa unga, na neno lenyewe ukaliweka mwisho kabisa, baada ya tarehe ya pili. Ungeliandika mwezi wa kumi ningekuja kwa miguu kwenye theluji. Wewe unaeleza kila kitu, Baba mkubwa, ila kile mtu anachohitaji kuambiwa.

Na si mara ya kwanza. Baba alifariki mwezi wa kumi. Mliniambia mwezi wa kwanza, baada ya mitihani. Miezi mitatu nilikuwa nikimwandikia barua. Nilimwandikia kuhusu viatu! Nani alikuwa akizipokea? Nani alikuwa akizisoma? Mlisema ni kwa faida yangu, na kweli nilifaulu.

Sasa nikwambie kwa nini nilikuwa ukutani. Habari ya kampuni ni kweli lakini si yote. Asubuhi ile mkwe wa Angchuk alikuja kuniita. Nilitoka naye, nikafika mpaka kwenye kizingiti cha chumba. Nikaona goti la mzee Paldan chini ya kitambaa. Miguu ikakataa. Mimi sijawahi kumgusa maiti, sikumwona hata baba yangu mwenyewe. Nikasema, "Wageni wananiita." Hakuna aliyeniita. Nikaenda ukutani nikaanza kueleza, maana kueleza nimerithi. Nilieleza vizuri mno, yule mama wa nywele nyeupe ndipo akalia. Hukuniambia kamwe kwamba mzee yule alimbeba baba. Labda ungeniambia, goti lile ningeliona vingine. Labda nisingeliona. Sijui.

Ningeondoka leo. Wageni wanatua Leh tarehe moja, kampuni imeshawapa jina langu, na hakuna kiongozi mwingine aliyewahi kupita kwenye barafu na wageni. Nimeomba, nimekataliwa. Tutaanza kutembea tarehe tano, kufikia kumi na mbili niko Skyamdo. Watalala shuleni, si kwenu. Taji lisahau.

Mwambie anisubiri. Mwambie nimesema mimi.

Stobdan


Pangoni, kwenye mto
11 Februari 1995

Baba mkubwa,

Naandika kwa penseli, wino umeganda. Barafu imefunguka mbele yetu tangu jana. Maji meusi, ukuta hadi ukuta, yanatoa moshi. Tuko pangoni, wote wazima.

Wanaume wawili wa Padum wanaopeleka barua hii watapita juu kwenye genge la mwamba kwa kamba. Nimekwenda nao mpaka mwanzo wa genge nikaangalia. Mimi naweza kupita. Wageni hawawezi, mmoja ana miaka sitini na nane. Mpishi wetu Ishey anaujua mto kuliko mimi, ametembea hapa tangu ujana, lakini aliyekabidhiwa watu hawa ni mimi, na barafu yenyewe iliyo mlangoni mwa pango inanguruma.

Nikiwaacha na mmoja akazama, nitakuwa nani? Nikibaki na mama mkubwa akaniita, nitakuwa nani?

Usinieleze safari hii. Niambie tu.

Stobdan


Skyamdo
12 Februari 1995

Stobdan,

Mama yako mkubwa alifariki jana asubuhi, ameketi.

Mnajimu ameweka siku. Ni Jumatano, jua likigusa bonde.

Nimekwenda mlangoni kwa Angchuk. Amesema atashika kamba ukiishika wewe. Usipokuja, hana mtu wa nyumba nyingine wa kushika naye, na yeye hatagusa peke yake tena.

Waache wageni na Ishey. Njoo.

Motup


Leh
5 Machi 1995

Baba mkubwa, shikamoo.

Tulifika Leh salama, wageni wote sita na Ishey na mimi. Kidole kimoja cha mguu cha Ishey kimeharibika, lakini anasema alikuwa nacho cha ziada. Natumaini umeanza kula. Ane Palzes wa nyumba ya mfereji aliniahidi kwamba atakupikia mpaka siku arobaini na tisa za matanga zipite. Usimwambie uji wake mwepesi, hata kama ni mwepesi.

Nilikaa kwenu siku mbili tu, nikarudi kwenye barafu kuwachukua watu wangu. Katika siku zile mbili hukuniuliza kitu, nami sikusema kitu. Ulikuwa umekaa chumba cha pili umeugeukia ukuta, na walipomtoa hukutoka, kwa kuwa hairuhusiwi. Hukuona chumbani, hukuona njiani, hukufika kwenye tanuri. Miaka arobaini na mbili mmekaa pamoja na sehemu hiyo hukuiona. Nimefikiri ni haki yako kuambiwa, na wa kukuambia ni mimi.

Barua yako ilinifikia jioni ya tarehe kumi na tatu. Niliisoma, nikawaita wageni, nikawaambia ukweli. Yule mzee wa miaka sitini na nane akasema nenda. Kijana mmoja akauliza kama angeweza kuja nami na kamera, atakaa mbali. Nikasema hapana. Sijawahi kumwambia mgeni neno hilo. Ishey akanisukuma begani, "Unangoja nini, ruhusa ya mto? Mimi nitawalinda hawa, hata wakilia."

Genge sitalieleza. Nilifika Jumatano, bado kuna giza chini ya mlima. Angchuk alikuwa amesimama nje ya mlango wenu na mkwe wake, kamba begani.

Akasema, "Umechelewa."

"Barafu ilifunguka."

"Barafu hufunguka kila mwaka. Vua glavu."

Nikavua. Kwenye kizingiti miguu ikataka kukataa tena. Angchuk hakunishika wala hakunisukuma. Alisimama tu nyuma yangu, karibu, mpaka ikawa kurudi nyuma ni kumkanyaga yeye. Nikaingia.

Tulimwosha kwa maji ya mreteni. Uso wake haukuwa na maumivu. Nywele zilikuwa zimesukwa vizuri, sijui alizisuka lini wala kwa nguvu gani. Nilianza kufunga kamba magotini na Angchuk akanipiga mkono. "Unafunga mzigo wa punda? Huyu ni mtu. Pitisha chini, halafu kifuani, halafu urudi." Nikapitisha. "Legeza. Anatakiwa akae, asibanwe." Mkwe wake akasema kwa sauti ya chini, "Na sisi utatufunga hivyohivyo, kwa hiyo jifunze vizuri." Angchuk akamwambia anyamaze, lakini nilimwona akizuia kicheko, na mimi nikazuia changu, na mama mkubwa katikati yetu. Nadhani yeye asingezuia.

Watawa walitangulia na ngoma. Angchuk alinipa mti wa mbele wa kiti cha kumbebea, upande wa kuteremkia, kwenye uzito wote. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Kwenye kona ya mfereji kiti kilikwama, kama ulivyoniandikia. Palikuwa na barafu ya kijani. Tukamtoa kwenye kiti, na Angchuk akamweka mgongoni kwangu akanifunga naye, akanishika kiuno kwa nyuma. Nilihisi paji la uso la mama mkubwa shingoni mwangu, lilikuwa baridi. Nilitembea hivyo mpaka chini.

Kwenye tanuri, moto ulipokamata, Angchuk alinyoosha kidevu kuelekea ule ukuta wa shamba.

"Kutoka pale kunaonekanaje?"

Nikasema, "Watu wanaonekana wadogo."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuongeza siagi. Kitambaa cheupe nilikuwa nacho mfukoni siku nzima na sikukitoa. Sikuona mahali pa kukitolea. Kuhusu mungu wake sikumwuliza na yeye hakutaja, hilo ni lenu wazee. Moshi ulikwenda moja kwa moja juu, haukulala bondeni. Mnajimu alisema ni vizuri. Mimi sijui, lakini nimekuandikia kwa kuwa ungependa kujua.

Huku kwenye ofisi ya kampuni, picha ya mazishi ya mzee Paldan, iliyopigwa na mgeni wangu mmoja, ilikuwa ukutani, kubwa, na maneno chini yake kuhusu mila zisizobadilika. Sikukuambia kwamba ilikuwapo. Ilikuwa hapo tangu mwezi wa tisa, na mimi nilikuwa nikinywa chai chini yake. Nimeishusha. Mkurugenzi ameuliza nani amenipa ruhusa, tumezungumza, na sasa sina kazi. Ishey anasema nitapata nyingine. Barabara ikifunguka nitakuja nifungue mlango wa nyumba ya chini, paa lake limeingia maji.

Ulipoagana nami ulifungua mdomo kama unayetaka kuuliza, ukaufunga, ukanipa unga wa njiani. Nadhani najua swali. Jibu ni hili.

Alikuwa mwepesi, Baba mkubwa. Mwepesi kuliko unavyofikiri, lakini njia ni ndefu na mabega yangu hayajazoea, na mara mbili Angchuk aliniuliza kama nataka tupumzike. Nilikataa. Kutoka kona ya mfereji mpaka kwenye tanuri hatukumtua chini.

Mwanao,
Stobdan